Kiti cha maswali si cha mwongozaji peke yake



Kuna namna ya mkutano ambayo imekuwa desturi katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, na sasa imeanza kuingia hata katika kumbi zetu. Watu wanaalikwa kutazama filamu inayoonyesha mateso ya wengine: vita, njaa, maradhi, watoto waliotekwa. Taa zinazimwa, filamu inaonyeshwa, taa zinawashwa tena. Mwongozaji wa filamu anapanda jukwaani, anapewa kiti na kipaza sauti, na kwa muda wa nusu saa anajibu maswali ya watazamaji. Kisha kapu linapita, au sanduku linawekwa mlangoni, na inasemwa kwamba fedha hiyo itapelekwa kwa wale walioonekana kwenye pazia jeupe. Baadhi ya vikundi vyenu vimependa desturi hiyo, vikakopa projekta na jenereta, vikaiga. Mimi mwenyewe nimepata kuombwa kusaidia katika maandalizi, wala sikukataa. Lakini juu ya ile nusu saa ya maswali nina neno, na neno lenyewe si tamu.

Nasema hivi: jioni ambayo mwongozaji peke yake ndiye anayeulizwa, ilhali aliyepigwa picha hayupo, wala hajawahi kuiona filamu, wala hajui ni kiasi gani kilichokusanywa kwa jina lake, jioni hiyo bado haijawa kazi ya huruma. Ni biashara ya machozi, hata kama hakuna aliyetia faranga moja mfukoni mwake.

Najua wengi watasema ninatia chumvi. Basi na tuanze mbali kidogo, kwa sababu jambo hili ni la kale kuliko sinema za siku hizi, na mojawapo ya mianzo yake mikubwa ilihusu sisi Wakongomani.

Mwezi wa Mei 1904, huko Baringa, katika eneo lililokuwa chini ya kampuni ya mpira iliyoitwa Abir, mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwenye misioni ya Waprotestanti kutoka Uingereza akiwa amebeba kitu kilichofungwa katika majani. Ndani ya majani yale mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni. Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, alimketisha Nsala barazani akampiga picha, naye akivitazama viungo vile vilivyowekwa mbele yake. Wengi wenu mmeiona picha hiyo, maana imechapishwa katika vitabu vingi vya historia. Yeye na mumewe John walipokwisha kurudi kwao, picha za namna hiyo zilitiwa katika vioo, na kwa taa maalum zikaangazwa ukutani katika makanisa na kumbi za Uingereza, kisha za Marekani. Mnenaji alisimama kando ya pazia akaeleza, watu wakalia, wakasali, wakachanga fedha, wakatia sahihi barua za malalamiko. Yote tunayoyaona leo katika jioni za filamu za msaada yalikuwa yamekwisha kuwapo: giza, picha, msemaji, kapu.

Wala simdharau mama yule. Mnamo 1908 Mfalme Leopold wa Pili alilazimika kuiachia Kongo iwe mikononi mwa serikali ya Ubelgiji, na kelele zilizoamshwa na picha zile zilikuwa miongoni mwa sababu. Ninachosema ni kwamba Nsala hakuketi katika ukumbi hata mmoja kati ya zile. Uso wake ulivuka bahari, yeye akabaki na msiba wake. Waliohudhuria walimuuliza mnenaji juu ya Nsala. Nsala mwenyewe hakuulizwa aliwaza nini, alitaka nini, wala alimdai nani.

Sasa linganisheni na jambo lililotukia karibu na siku zile zile. Leopold, akisukumwa na kelele hizo, alituma tume ya uchunguzi ya majaji watatu, nayo ikasikiliza mashahidi wa nchi. Chifu mmoja, Lontulu wa Bolima, alikuja mbele ya tume akiwa na vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa katika mafungu manne, wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto, akavilaza mezani kimoja kimoja akitaja majina. Hapo hapakuwa na taa wala pazia. Palikuwa na mtu anayejua hesabu ya wafu wake, na mbele yake watu waliolazimika kusikiliza. Ripoti ya tume ilichapishwa mwaka 1905, lakini maneno ya mashahidi wenyewe hayakutolewa pamoja nayo. Yalifungiwa katika hifadhi ya nyaraka mjini Brussels kwa miaka mingi sana. Tazameni basi mgawanyo ulivyokuwa: picha ya Mkongomani ilisafiri hata Marekani, na neno la Mkongomani likatiwa kabatini.

Mgawanyo huo haujaisha. Kila mara ninapoona tangazo la jioni ya filamu ya msaada nautafuta kwanza, nami mara nyingi nauona: uso wa mtu fulani kwenye karatasi, na chini yake jina la mtu mwingine atakayejibu maswali.

Mwaka 2012 jambo lile lilirudi kwa nguvu kubwa zaidi, nalo liliwahusu ndugu zetu wa Uele na majirani wa Uganda. Shirika la Invisible Children, lenye makao yake San Diego huko Marekani, lilikuwa limezoea kwa miaka kadhaa kuwatuma vijana katika magari kuzunguka shule, vyuo na makanisa, wakionyesha filamu juu ya Joseph Kony na watoto aliowateka, na kujibu maswali baada ya kuonyesha. Tarehe 5 Machi 2012 walitoa filamu ya nusu saa iitwayo Kony 2012, na kwa muda wa siku sita ikatazamwa mara milioni 100. Msimulizi wake ni mwongozaji mwenyewe, Jason Russell, na mtoto wake mdogo wa kiume anaonekana ndani yake akielezwa na baba yake mtu mbaya ni nani. Watazamaji waliombwa kulifanya jina la Kony lijulikane kila mahali ili akamatwe, na wakauziwa bangili, matangazo na fulana.

Wakati ule watu wa Kony walikuwa wamekwisha kuondoka Uganda kwa muda wa miaka kama sita. Walikuwa kwetu. Ilikuwa Noeli ya 2008 walipowaua mamia ya waamini na majirani zao huko Faradje, Doruma na vijiji vya kandokando, wengine wakiwa katika sherehe za sikukuu. Ilikuwa Desemba 2009 walipowaua zaidi ya watu 300 katika eneo la Makombo. Filamu iliyagusa mambo ya nchi yetu kwa maneno machache, kisha ikaendelea na safari yake. Mtazamaji asiyejua angeweza kutoka ukumbini akiamini kwamba msiba uko kaskazini mwa Uganda, na kwamba dawa yake ni bangili.

Lakini ninataka kuwapeleka Lira. Tarehe 13 Machi 2012 shirika moja la Waganda linalowahudumia wahanga wa vita lilitandaza kitambaa kikubwa uwanjani katika mji wa Lira, likaionyesha filamu hiyo kwa watu ambao filamu ilisema habari zao. Maelfu walikuja, wengine kutoka mbali. Walikuja kwa shauku, maana walikuwa wamesikia redioni kwamba dunia nzima inawatazama. Baada ya muda wakaanza kunung'unika, kisha wakakasirika, na mwisho mawe yakarushwa na mkutano ukavunjika. Walioandaa wakaahirisha maonyesho mengine yote. Watu wa Lira walikuwa na maswali yao: kwa nini sehemu kubwa ya filamu ni ya mzungu na mtoto wake, wako wapi waliokatwa midomo na masikio, nani awezaye kumwambia mtu aliyepoteza mkono avae fulana yenye jina la aliyemkata. Mwongozaji hakuwapo kuwajibu. Maswali ya milioni nyingi za watazamaji wa mbali yalikuwa na wa kuyapokea, na maswali ya Lira hayakuwa naye.

Kwa haki niseme pia kwamba shirika lile halikuwa la matapeli. Katika magari yale walisafiri pia vijana Waganda walioeleza yaliyowapata. Huko Uele lilisaidia mtandao wa redio za mawasiliano, zile tunazoziita fonia, zilizowawezesha watu wa vijiji vya mbali kupashana habari ya hatari. Tena lilichapisha hesabu zake waziwazi, jambo ambalo mashirika mengi hayafanyi. Ila waliozisoma hesabu hizo waliona kwamba takriban theluthi moja tu ya matumizi ya mwaka ilikwenda moja kwa moja katika kazi za Afrika ya Kati, na iliyobaki ilikwenda katika filamu, safari, mishahara na uhamasishaji. Mimi sisemi kwamba theluthi moja ni dhambi. Filamu ina gharama, gari lina gharama. Nasema kwamba swali hilo lilistahili kuulizwa katika kila ukumbi, kabla bangili ya kwanza haijauzwa, na kwamba aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuliuliza ni mtu wa Lira na mtu wa Faradje.

Wako wanaonijibu: Mwalimu, hayo ni ya wageni, tukifanya wenyewe itakuwa tofauti. Je, ni kweli?

Yuko Mholanzi mmoja, Renzo Martens, aliyetoa mwaka 2008 filamu chungu sana iliyopigwa hapa nchini, Enjoy Poverty. Katika Kanyabayonga, Kivu ya Kaskazini, anawakuta wapiga picha wa mtaani wanaojipatia riziki kwa kupiga picha za harusi na sikukuu. Anafanya nao hesabu ubaoni: picha ya sherehe inaleta kidogo, na picha ya mtoto mwenye utapiamlo, ikiuzwa kwa magazeti ya nje, inaleta nyingi. Anawashawishi waache harusi, wawaendee watoto waliokonda. Wanajaribu. Wanafundishwa kusogeza kamera karibu na mbavu. Mwisho wanafika kwa Madaktari Wasio na Mipaka kuomba ruhusa, wananyimwa, na biashara yao inakufa kabla ya kuzaliwa. Wengi waliichukia filamu hiyo, nami nakiri kwamba kuitazama kunauma, kwa kuwa mwenye kuipiga anajua vema kwamba yeye ndiye atakayerudi Ulaya na kanda zake, na wapiga picha watabaki Kanyabayonga.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo filamu inaliweka mbele ya macho bila kulitamka. Hebu mfikirini mpiga picha wa harusi. Aliyepigwa picha ndiye aliyemwita. Alichagua vazi, akachana nywele, akaamua asimame na nani. Picha ikitoka vibaya ataikataa. Ikitoka vizuri atapewa nakala yake, ataiweka ukutani, wajukuu wataiona. Kazi hiyo, ambayo hakuna tamasha linaloipa zawadi, ina adabu yote ambayo filamu nyingi za huruma hazina. Katika filamu za huruma aliyepigwa picha hakumwita mtu. Anakutwa alivyo, kitandani au katika hema, hapewi nakala, wala hana nafasi ya kusema: hapa mmenionyesha vibaya. Kwa hiyo, vijana, ninapotafuta kipimo cha jioni zenu za filamu siendi kwa wataalamu. Naenda kwa yule mpiga picha wa harusi wa mtaani kwenu, nauliza kama mtu wa kwenye pazia ametendewa walau kama bibi harusi wa Jumamosi.

Tena msidhani kwamba kosa hili linakaa kwa wageni peke yao. Nimeshaona vikundi vya vijana wetu wakienda hospitalini au kwa wahamiaji na sabuni tatu na simu kumi. Sabuni inatolewa mara moja. Picha zinapigwa mara ishirini. Mwandamo wa huruma unageuka kuwa sinema fupi, na jioni ile ile inaonyeshwa kwa wafadhili. Nani alimuuliza yule mama mgonjwa?

Upande wa pili wanasimama wengine, nao sikubaliani nao kabisa. Hao wanasema: aibu ya nyumba haitolewi nje, filamu hizi zinaichafua nchi, heri zisionyeshwe. Tulikwisha kuona hekima hiyo ikitenda kazi. Mwaka 2015 ilitoka filamu ya Mbelgiji Thierry Michel, iliyoandaliwa pamoja na mwandishi Colette Braeckman, juu ya Daktari Denis Mukwege na wanawake wanaotibiwa katika Hospitali ya Panzi, Bukavu. Mwezi wa Septemba serikali ikapiga marufuku isionyeshwe nchini. Sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa kwamba tafsiri ya maneno ya wanawake waliosema kwa lugha za kwao ilipotoshwa ili kulichafua jeshi. Marufuku ikaondolewa mwezi uliofuata.

Itazameni vizuri sababu ile, maana ndani yake mna kichekesho kichungu. Kama kweli tafsiri ilipotoshwa, nani duniani angeweza kulithibitisha jambo hilo kuliko watu wa Bukavu, wanaozisikia lugha hizo tangu tumboni mwa mama zao? Mtazamaji wa Paris anasoma maandishi chini ya picha na kuamini. Mama wa Kadutu hasomi maandishi. Anasikiliza sauti. Angeinuka na kusema, hapa amesema hivi, na ninyi mmeandika vile. Au angesema, mmeandika sawasawa kabisa. Marufuku ilimnyang'anya nafasi hiyo yule yule aliyeweza kuamua. Basi mwenye kuficha na mwenye kuuza, ingawa wanagombana hadharani, wamekubaliana katika jambo moja: aliyepigwa picha asipewe kipaza sauti.

Sasa nije kwenye ile nusu saa, kwa sababu hapo ndipo ninyi mnaweza kutenda jambo, hata bila fedha.

Katika masomo ya ualimu tulifundishwa kupambanua swali la kweli na swali la pambo. Swali la pambo linabeba jibu lake mgongoni. Mwalimu mvivu analiuliza ili darasa lionekane hai mbele ya mkaguzi. Katika jioni za filamu maswali ya pambo ni mengi kuliko viti. Ulijisikiaje ulipopiga picha hizi za kutisha? Je, hukuogopa? Ni nini kilichokuvutia kuja Afrika? Una mpango gani wa filamu nyingine? Sikilizeni: yote yanamhusu mwongozaji. Tumetazama mateso ya watu mia kwa saa moja na nusu, kisha tunatumia nusu saa kumpa pole aliyeyatazama kabla yetu.

Maswali ya kweli ni mafupi na yanakaa kooni. Yule mama aliyesema mbele ya mto, je, amekwisha kuiona filamu hii? Aliiona wapi, na kwa lugha gani? Alipoiona alisema nini? Nani alitafsiri maneno yake, na anatoka wapi? Yule mtoto mwenye jina na uso, nani aliyetoa ruhusa kwa niaba yake? Akifika umri wa miaka 20, akiwa na mchumba au kazi, akasema hataki tena uso wake uonekane, ataandika kwa nani? Kodi ya ukumbi huu na tiketi ya ndege vimelipwa na kapu gani? Kapu la jioni hii linakwenda mikononi mwa nani, na lini tutasomewa hesabu, na je, hesabu hiyo itasomwa pia kule filamu ilikopigwa? Mmoja wenu atasema kwamba ni utovu wa adabu kumuuliza mgeni mambo ya fedha. Mimi nasema Msamaria yule tunayemhubiri kila mwaka alimwachia fedha mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kurudi na kumaliza hesabu naye. Sehemu hiyo ya hesabu hatuihubiri sana.

Mwongozaji mwema hataudhika. Wapo wanaoanza kuonyesha kazi yao kijijini kabla ya kuipeleka tamashani, wanaokata kipande kwa sababu mwenye uso amekikataa. Mtu wa namna hiyo akiulizwa maswali hayo anafurahi kama fundi anayeulizwa juu ya msingi wa nyumba badala ya rangi ya ukuta. Anayeudhika, naye ametujibu.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita kwa haraka, kwa kuwa lina uzito. Linasema: unataka basi kumleta mwanamke aliyebakwa mbele ya ukumbi, aulizwe na kila mtu? Hapana, hata kidogo. Hilo lingekuwa jeraha la pili, na nimekwisha kuona waandaaji wasio na akili wakilifanya kwa jina la ushuhuda, wakimsukuma msichana jukwaani ili kapu lijae. Kiti ninachokidai si kiti cha kulazimishwa. Aliyeumizwa ana haki ya kunyamaza, ya kutuma mtu amwakilishe, ya kutuma neno la sauti tu, ya kusema filamu ionyeshwe lakini uso wangu ufunikwe, na hata ya kusema isionyeshwe kabisa. Jambo la lazima ni moja: aulizwe kabla, na jibu lake lifuatwe hata kama linaiharibu jioni yetu. Kikundi kisichoweza kumfikia mtu yeyote wa pale filamu ilipopigwa, wala anayejua lugha yake, kichague filamu nyingine. Zipo.

Pingamizi la pili ni lile la fedha, nalo husemwa kwa sauti ya ushindi: lakini tulipata dola mia tatu, na dawa zikanunuliwa. Nafurahi kwa ajili ya dawa. Lakini angalieni mnachokubali mnaposema hivyo. Mnakubali kwamba heshima ya maskini ina bei, na kwamba bei yake mwaka huu ni dola mia tatu. Mgonjwa yule yule angeweza kusaidiwa kwa kapu la Dominika, kwa shamba la kikundi, kwa kuosha magari mbele ya parokia, bila kuonyeshwa akiwa nusu uchi kwa watu waliokunywa soda. Na kama filamu ni ya lazima, basi na iwe filamu ambayo mwenye shida ndiye anayenena ndani yake.

Mfano uko, tena umetoka kwetu. Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa mwaka 2020 filamu iitwayo En route pour le milliard. Inawafuata wahanga wa Vita vya Siku Sita, vile ambavyo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, yakawaua raia kwa mamia na kuwaacha wengine bila miguu au mikono. Kwa miaka kumi na minane walingoja fidia. Mwishowe wanaamua kwenda wenyewe Kinshasa kuidai. Wanapanda boti iliyosongamana watu na mizigo, na wengine wao wanatembea kwa magongo na miguu ya bandia. Wanateremka mto zaidi ya kilomita 1,700, mvua ikiwanyeshea juu ya turubai. Katikati ya safari filamu inawaonyesha jukwaani, wakicheza wenyewe mchezo wa kuigiza juu ya yaliyowapata. Wanagombana, wanacheka, wanapangana jinsi ya kusema mbele ya wakubwa. Hakuna msimulizi anayetueleza tuwahurumie. Tena hawaombi huruma. Wanadai deni.

Nawasihi mwitazame filamu hiyo katika vikundi vyenu kama mtaipata, na mtakapowasha taa msianze kutafuta kapu. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na katika hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara ya watu. Malipo yamegawanywa katika mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Septemba 2022. Serikali imeunda mfuko wa kuwagawia wahanga, uitwao FRIVAO, na makao yake yako Kisangani. Mfuko huo una maafisa, na maafisa wanaweza kualikwa. Waandikieni barua ya heshima, yenye sahihi ya padri paroko ikiwezekana. Upande mmoja wa meza keti mmoja wa wahanga wa mji huo, kama mwenyewe amependa, na upande wa pili afisa. Kipaza sauti kianzie kwa mhanga. Mwongozaji akiwapo, mpeni kiti cha mbele ukumbini, asikilize pamoja nanyi. Swali la kwanza mnalijua: kati ya waliopanda boti ile, ni wangapi waliokwisha kulipwa?